Gari la Baba Mkwe Lilipobadilisha Sauti

Injini ililetwa nyumbani kwetu Bondeni, hapa Kyela, juu ya guta la magurudumu matatu, imefunikwa turubai, inavuja kitu cheusi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo wa mchele mkononi. Nyuma ya guta alikuwa anatembea mume wangu, kimya, kama mtu anayesindikiza maiti. Nilidhani ni ng'ombe aliyekufa. Sisemi kwa utani, nilidhani hivyo kabisa, nikamuuliza, "Ng'ombe wa nani huyo?"

Akafunua turubai. Kilikuwa chuma kitupu, kirefu karibu sawa na meza yetu ya kulia, kimejaa grisi na vumbi la Mbeya.

"Ni injini ya lori," alisema. "Silinda sita, dizeli. Naifunga kwenye gari la baba."

Ungo ulinitoka mkononi. Nikainama kuokota mchele.

Mume wangu si fundi wa magari. Anaendesha bajaji, na kwa kuwa ameshaifungua injini ya bajaji mara nyingi, aliona hakuna injini itakayomshinda. Injini ya bajaji unaweza kuibeba kwapani. Ile ya lori ilishushwa na wanaume ambao baadaye walikaa ukutani kwetu wakihema na kuomba maji. Na gari lenyewe la baba yake ni dogo, la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la zamani, milango miwili na turubai kwa nyuma. Nilipolipima kwa macho na ile injini, niliona ni sawa na kumwambia mtoto avae suruali ya mjomba wake.

Lakini haja ilikuwepo, hilo siwezi kulikataa. Baba mkwe analima mpunga na kokoa Katumba Songwe, kule ambako ukivuka mto uko Malawi. Masika ikikolea, njia ya kule inageuka uji. Injini yake ya petroli ilikuwa imechoka, inakunywa kama mlevi na kuvuta kama mgonjwa. Msimu uliopita gari lilikwama na magunia ya mpunga hadi mpunga ukaanza kuchipua ndani ya magunia. Mzee alikubali injini ibadilishwe. Kuhusu mambo mengine ya gari lile hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Na gari lile lilikuwa na jambo moja lililojulikana na watu wote. Lilikuwa na kelele. Bomba la moshi lilitoboka zamani, na mzee hakutaka kabisa liguswe. Lilisikika likiwa bado mbali barabarani, likipasuka pa-pa-pa, kisha mlio mrefu kama mtu anayechana kitenge kwa hasira. Jirani na kwetu kuna mashine ya kukoboa mpunga, na makuli wa pale wakilisikia walikuwa wanasema, "Mzee anakuja na matarumbeta yake." Watu walimwita bahili, mwenye shamba la kokoa asiyeweza kununua kipande cha bomba. Mimi nilicheka nao. Mume wangu alimbembeleza baba yake miaka na miaka amwekee sailensa mpya, na kila mara alijibiwa neno moja, "Liache lipumue."

Hapo inabidi nieleze jambo, la sivyo mtu wa mbali hataelewa kwa nini sauti ya gari ilikuwa kitu kikubwa kwangu.

Katika familia niliyoolewa, mke haonani na baba wa mume wake. Kwa Kinyakyusa jambo hili huitwa ukutila. Hamsalimiani, hamtazamani usoni, hamkai chumba kimoja. Akija yeye, wewe unapisha, unakwenda nyuma ya jiko au migombani mpaka aondoke. Si ugomvi. Ni heshima, tena kubwa kuliko ile ya kupiga magoti. Rafiki zangu wengi wameolewa kwenye nyumba zilizokwisha kuliacha jambo hili, wanakula meza moja na baba wakwe zao huku wanaangalia mpira kwenye televisheni. Mimi sikubahatika, au nilibahatika, inategemea umeniuliza siku gani. Hata kanisani siku ya harusi nilikuwa na shela usoni na macho chini. Baba mkwe nilimjua kwa kofia yake, kwa mgongo wake, na kwa kikohozi chake.

Tulisemeshana kwa njia ya watoto. Akishakula, alimwambia mjukuu kwa sauti ya kunifikia nilikojificha, "Mwambie aliyepika kwamba amepika." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, na mimi nyuma ya jiko nilikuwa naipokea na kucheka peke yangu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa bado anakuja kwa baiskeli. Baiskeli haina sauti. Asubuhi moja nilikuwa natoka jikoni na sufuria ya maji ya moto ya kuoga, nikasikia kikohozi chake pale pale nje ya uzio. Niligeuka kukimbia. Kanga ikanasa, na maji yote yakanimwagikia mguu wa kushoto, kuanzia gotini kushuka chini. Yowe nililolipiga nadhani lilifika ziwani. Naye alilisikia, na asingeweza kuingia, maana ndani kuna mkwe wake ameanguka na nguo haziko sawa. Alibaki nje ya uzio akiita majirani mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wa jirani ndio walionibeba kwenda hospitali. Kovu ninalo mpaka leo, limejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Muda si mrefu baada ya hapo ndipo akanunua gari. Mimi niliona Mungu amenihurumia. Gari bovu, lenye kelele, linanipa taarifa tangu likiwa kule kona ya kanisa. Nilipata muda wa kuipua sufuria, kumpa mtoto kiti ampelekee babu yake, na kwenda zangu nyuma ya jiko kwa mwendo wa mtu mwenye akili timamu.

Turudi kwenye injini. Mume wangu alilileta gari uani kwetu, akasimamisha miti mitatu ya mkaratusi juu yake, akaning'iniza winchi ya mnyororo, na pamoja na fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili wakaing'oa injini ya zamani. Fundi yule ni mtu mkimya mwenye macho mekundu, anayeongea akiwa na msumari mdomoni. Injini ya zamani ilipowekwa chini karibu na ile ya lori, nilishtuka kuona jinsi ilivyokuwa ndogo. Tulikuwa tunatukana kitu kidogo hivyo miaka yote.

Kisha wakaipandisha ile kubwa na kuishusha mahali pake, na haikuingia. Wakaitoa, wakageuza, wakaishusha tena. Haikuingia. Mume wangu akatazama gari, akatazama injini, akachukua grenda. Nilikuwa napika ugali nikasikia chuma kinalia, nikatoka nikakuta amelikata gari la baba yake usoni, cheche zinaruka mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Natafuta nafasi."

Alitafuta nafasi wiki nzima. Rejeta ilisogezwa mbele mpaka ikataka kutokeza. Ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva ulikatwa, nikawa naweza kusimama mbele ya gari na kuona viti. Bakuli la oili liligonga ekseli, wakainyanyua injini, ikagonga boneti, wakatoboa boneti. Kila nilipopita na ndoo nilikuta kitu kingine kimekatwa. Injini ilipokaa hatimaye, gari likainama mbele kama mtu anayesalimia wakwe, wakalazimika kuongeza vyuma kwenye springi. Mimi niliuliza swali moja tu katika kazi yote ile. Niliuliza, "Na breki?"

Wote wawili walitazama magurudumu. Fundi alitoa msumari mdomoni. Hawakuwa wamefikiria breki. Walikuwa wanataka kulipa gari nguvu ya lori na kulisimamisha kwa breki za kigari. Nilishikwa na ganzi ya hofu, kwa sababu atakayeliendesha ni mzee. Usiku nilimwambia mume wangu kwamba bila breki za lori gari lile halitoki uani, nitalala mbele ya tairi. Akaenda kuzitafuta, na wiki nyingine ikaondoka.

Mwisho ulikuwa bomba la moshi. Injini mpya ilikuwa inatolea moshi upande mwingine, kwa hiyo bomba la zamani halikufaa tena. Wakalitupa migombani, kuku wakaanza kulisimamia. Fundi akatengeneza bomba jipya, pana, safi, na katikati yake akafunga sailensa kubwa ya lori. Mume wangu aliipiga piga kwa mkono kama mtu anayempongeza ndama.

Siku ya kuiwasha walipampu dizeli, wakatoa hewa kwenye mipira, na injini ikakohoa moshi mweusi uliofunika banda la kuku. Nilirudi nyuma nikajigonga kwenye ukuta. Halafu ikatulia. Ikanguruma vizuri, taratibu, kama lori lolote linalopita barabarani.

"Sikia hiyo," alisema mume wangu. "Baba sasa atakuja kama watu."

Nilifurahi. Nilifurahi kweli, maana aibu ya matarumbeta ilikuwa imekwisha. Tulikuwa watu wazima watatu pale uani, na hakuna hata mmoja aliyefikiria zaidi ya hapo.

Mume wangu akalipeleka gari Katumba Songwe, akarudi kwa bodaboda akiwa na furaha ya bwana harusi. Baba yake amepakia magunia, ameingia kwenye matope, ametoka. Injini haikuhangaika hata kidogo. Mzee, alisema, alishika usukani na kucheka.

Jumamosi iliyofuata nilianika mpunga uani. Jua lilikuwa kali baada ya mvua, lile jua la Kyela linalokupiga kutoka juu na kutoka ardhini. Watoto walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, mume wangu alikuwa stendi na bajaji yake. Nilijua niko peke yangu. Nikakaa chini kando ya mpunga, nikanyoosha miguu, nikapandisha kitenge juu ya magoti. Kovu langu huwasha wakati wa joto, na ni nikiwa peke yangu tu ndipo hulipa hewa.

Nikasikia lori. Mtaani kwetu kusikia lori ni sawa na kusikia jogoo, msimu wa mavuno yanapita kutwa kwenda kwenye mashine. Nikalisikia likipunguza mwendo, nikasema moyoni, wanapaki. Mlango wa gari ukafungwa. Nikaendelea kugeuza mpunga kwa kiganja. Jumamosi ilikuwa siku ya baba mkwe kuja, na nilikuwa namsubiri, lakini masikio yangu yalikuwa yanasubiri matarumbeta. Akili ilijua injini imebadilishwa. Masikio hayakuambiwa.

Kivuli cha kofia kikaanguka juu ya mpunga.

Niliinua uso. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama mbele yangu, mkungu wa ndizi begani, mfuko wa dagaa wa usipa mkononi, karibu kiasi cha kumgusa kwa fagio. Tulitazamana. Miaka yote ile nilikuwa nimejitengenezea kichwani uso mkali, wa mzee wa nyusi nzito. Haukuwa mkali. Ulikuwa uso wa mwanangu wa kwanza, paji la uso lile lile, masikio yale yale yaliyotokeza, ila umezeeka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilizaa sura ya mtu nisiyeruhusiwa kumwona.

Kisha macho yake yakashuka kwenye mguu wangu.

Sitausahau uso ule. Mkungu ukamteleza begani ukaanguka juu ya mpunga wangu. Aligeuka, akavua kofia akajifunika nayo uso, na akabaki amesimama hivyo hivyo amenipa mgongo. Mimi nilinyakua ungo nikajifunika kichwa, na mguu nikausahau nje, kama kuku anayeficha kichwa akidhani amejificha mzima. Tulikaa hivyo wawili, yeye na kofia, mimi na ungo. Hatimaye nilisikia akipapasa kuelekea nje, akajigonga kwenye nguzo ya uzio, mlango wa gari ukafungwa, na injini ikaondoka ikinguruma kama malori mengine yote.

Mume wangu alirudi akanikuta nimekaa pale pale. Nilipomweleza, alishtuka mwanzoni, halafu akaanza kulifanya dogo. Dunia ya leo, alisema. Simu zipo. Kweli simu zipo, ila namba yangu baba mkwe hana na hawezi kuwa nayo. Mume wangu akasema basi atakuwa anampigia yeye kwanza, naye ataniarifu. Akampigia baba yake pale pale kumwambia hivyo, na mzee akamjibu kwamba nyumbani kwa mwanawe si ofisini, haendi kwa miadi. Kisha akakata.

Jumamosi ikapita, hakuja. Ya pili ikapita. Watoto walikuwa wanabeba kiti cha babu yao na kukiweka pale mbele, jioni wanakirudisha ndani. Mimi nilikuwa napika chakula cha mtu ambaye haji, na nilikuwa na hofu isiyoniacha hata kanisani. Nilikuwa nimeivunja heshima ya nyumba kwa kukaa hovyo mchana kweupe, na wanangu wamempoteza babu yao kwa sababu yangu. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Siku moja katikati ya juma akaja mama mkwe kwa bodaboda. Yeye tunakaa pamoja bila shida. Nilipiga magoti.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama."

Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai, na kwa mama mkwe kukataa chai si jambo dogo.

"Mzee wenu amesema haji tena hapa," alisema.

"Ni kwa vile nilivyokuwa nimekaa. Mama, naomba umwombee nisamehewe. Niko tayari kupeleka kuku, niko tayari kuambiwa mbele ya wazee."

"Nani amesema ulikaa vibaya? Ulikuwa kwako." Alinitazama. "Anasema amemvunjia mkwe wake heshima mara mbili. Anasema ya tatu hataki ifike."

"Mara mbili?"

"Ile ya maji ya moto, na hii."

Nilishangaa sana. "Mama, ile ya maji ilikuwa ajali. Kanga ilininasa."

"Wewe unasema kanga. Yeye anasema baiskeli." Akatafuna midomo kidogo. "Anasema alikuja kimya kama mwizi ndiyo maana ukaungua. Mguu wenyewe hakuwahi kuuona, alikuwa anaufikiria tu. Sasa ameuona. Tangu siku ile hali vizuri."

Mama mkwe akauliza bomba la zamani la gari liko wapi.

"Migombani. Limeoza kwa kutu."

"Kwa kutu," alisema, na akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nenda kaliangalie."

Nilikwenda. Niliwafukuza kuku, nikaligeuza, nikalifuta matope kwa ncha ya kanga yangu. Sehemu iliyotoboka ilikuwa na matundu manne yaliyopangwa sambamba, kila moja refu kama kidole, na kingo zake zilikuwa zimenyooka. Pembeni kulikuwa na mikwaruzo midogo, mahali msumeno ulipoteleza kabla ya kukamata. Kutu haichori mstari. Nilichuchumaa pale migombani na bomba mapajani.

Mama mkwe alikuwa amenifuata. Alinisimulia akiwa ameshika mgomba. Gari liliponunuliwa lilikuwa na sailensa nzima, halina kelele. Mzee aliliendesha hadi nyumbani, akashuka, akasema gari hili halifai, halisikiki. Kesho yake alilala chini yake na msumeno wa chuma kutwa nzima. Kisha akamleta mkewe mpaka kona ya kanisa letu, akamwacha pale, akarudi na gari nyuma umbali sawa na wa kutoka pale mpaka kwetu, akaja tena.

"Kazi yangu ilikuwa kusikiliza," alisema mama mkwe. "Safari ya kwanza nikamwambia nakusikia ukiwa umeshafika. Akaongeza tundu. Ya pili nikamwambia bado. Akaongeza. Mpaka nikamwambia sasa mtu anaweza kuipua sufuria, akamaliza."

"Kwa nini hakusema? Watu wanamwita bahili. Mimi mwenyewe..."

"Amwambie nani? Amwambie mwanawe kwamba amelikata gari kwa ajili ya mkewe? Mambo ya heshima hayasemwi, mwanangu. Yanafanywa tu."

Nililia. Nimelia misibani, nimelia uchungu wa uzazi, lakini kile kilikuwa kilio cha kushtukizwa, cha mtu aliyepigwa kutoka upande ambao hakuutazamia. Miaka yote ile nilikuwa nacheka sauti iliyokuwa inaniambia, mwanangu weka sufuria chini, nakuja.

Injini iliyofungwa upya hubadilishwa oili mapema, na baada ya siku chache mume wangu akalifuata gari Katumba Songwe, akalileta uani kwa kazi hiyo. Alipoingia ndani kula, mimi nilijitwisha lile bomba kichwani nikapita nalo mtaani mpaka kwa fundi wa kuchomelea. Makuli wa mashine walinitazama. Nikawatazama na mimi.

"Mama, hili ni la kuuza chuma chakavu," alisema fundi.

"Njoo ulifunge kwenye gari."

"Ni jembamba. Injini itabanwa pumzi, nguvu itapungua kidogo."

"Ipungue."

Alikuja na mashine yake. Akakata kile kipande chenye matundu, akakiunga kabla ya sailensa, maana baada ya sailensa, alisema, sauti inakuwa imeshakufa. Mume wangu alitoka ndani na tonge mkononi, akakuta miguu ya fundi inatokeza chini ya gari na cheche zinaruka. Tonge lilianguka.

"Mmelitoboa gari la baba?"

"Baba ndiye aliyelitoboa," nilimwambia. "Ingia chini uone."

Aliingia. Nilimwona akipitisha kidole kwenye kingo za matundu, moja baada ya jingine. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa na oili shavuni, akasema neno moja tu, "Kumbe," akaenda kunawa.

Tulipoiwasha, kuku wote walipanda juu ya banda. Ilikuwa sauti ile ile ya kuchana kitenge, ila sasa kinachochanwa ni turubai. Mume wangu akamrudishia baba yake gari bila kumweleza lolote. Nilimwomba iwe hivyo.

Jumamosi nilipika ndizi kwa nyama. Mchana ulikuwa umetulia. Halafu, mbali kabisa, huko upande wa kanisa, nikasikia pa-pa-pa, na kuli mmoja kwenye mashine akasema, "Haya, mzee amerudi na matarumbeta." Nikaipua sufuria. Nikampa mwanangu kiti. Nikaweka sahani sawa, nikaosha mikono, nikaenda nyuma ya jiko nikaegemea ukuta, na bado gari lilikuwa halijafika.

Alikaa. Alikula. Nilisikia kijiko kikigusa sahani, na watoto wakimweleza habari za kwaya. Kisha nikamsikia akimwambia mjukuu wake, kwa ile sauti ya kunifikia, "Mwambie aliyelirudisha kwamba amelirudisha."

Nilikuwa sijawahi kumjibu hata siku moja. Mkwe anapokea, hajibu. Lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikamwita mwanangu, na nikasema kwa sauti ya kufika, "Mwambie aliyelikata kwamba amelikata."

Kule mbele kijiko kikawekwa chini. Kisha nikasikia kikohozi chake, kile kile cha siku ya maji ya moto, na safari hii mikono yangu ilikuwa mitupu, na miguu yangu haikutaka kwenda popote.